Unataka kusomea Kanisa la mwanzo? Anza na Kigiriki

Tangu nitangaze kwamba nimetetea tasnifu yangu ya uzamivu na kufaulu, ujumbe ninaopokea zaidi ni huu: "Kaka, nami nataka kusomea historia ya Kanisa la mwanzo. Nianzie wapi?" Anza na Kigiriki. Chuo na ufadhili vitafuata.

Mimi nimesomea Celsus, mpagani aliyewashambulia Wakristo kwa kitabu kizima mwishoni mwa karne ya 2. Kitabu hicho kimepotea. Tunakijua kwa sababu Origen wa Aleksandria, mwanatheolojia Mkristo, alikijibu mnamo 248, katika vitabu vinane, akinukuu kipande na kukijibu, kipande na kukijibu. Kwa hiyo Celsus tunamsikia kinywani mwa mpinzani wake. Maneno yake yanaishia wapi, ya Origen yanaanzia wapi? Tafsiri ya Kiingereza ya Henry Chadwick ya 1953 itakusaidia sana, lakini swali hilo hulijibu bila Kigiriki.

Katika kitabu cha tatu cha Origen, Celsus anawadharau Wakristo walio wachambua sufu, washona viatu na wafua nguo. Mbele ya mabwana zao hawafungui mdomo, anasema, ila wakiwapata watoto na wanawake faraghani, wanawaambia wasiwasikilize baba wala walimu. Nilipofika hapo nilimkumbuka bibi yangu, muuza vitumbua, aliyenifundisha Baba Yetu kando ya jiko la mkaa. Celsus alikusudia kutukana, kumbe ametuachia ushahidi wa jinsi Injili ilivyosambaa. Tasnifu yangu ilizaliwa katika kifungu hicho, na ninajivunia.

Kiongozi mmoja wa kanisa nyumbani alinitangaza mbele ya waumini kwamba nasomea matusi ya wapagani, niombewe. Mama yangu alikuwa amekaa benchi la mbele. Bado inaniuma.

Ndugu zangu, tusiogope kusikiliza. Mwaka 448 serikali ya Kirumi iliamuru maandishi ya Porphyry, mwanafalsafa mpagani, dhidi ya Wakristo yachomwe moto. Leo tunahangaika na vipande, na hata hoja za waliomjibu hatuzielewi vizuri. Origen alimwacha adui yake aseme, ndipo akajibu. Nawe fanya hivyo, darasani na kanisani.

Basi chukua Injili ya Marko kwa Kigiriki, mistari michache kila asubuhi kabla hujashika simu. Kijerumani na Kifaransa vitakuja baadaye, maana wataalamu wengi wameandika kwa lugha hizo. Ukimaliza Marko, niandikie tena tuongee habari za chuo.