Oili kujaa kwenye tangi si kwamba injini imekunywa

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliingia karakanani hapa Iringa akisukuma pikipiki, Yamaha AG100, kwa mikono, shati limelowa kama amenyeshewa. Kumbe ameipandisha hivyo kutoka Ipogolo hadi mjini. Shikamoo, marahaba, pole, kaa kwanza unywe maji. Nikachutama kuitazama ile mashine. Mapezi ya silinda yamepigwa rangi nyeusi ya kopo, tabaka juu ya tabaka, mpaka nafasi kati ya pezi na pezi karibu inaziba. Mbele ya injini amefunga dumu la lita tano.

"Imezimaje?"

"Imezima tu, mzee. Ghafla. Tairi la nyuma likagoma."

"Ulichomoa mpira wa oili siku za karibuni?"

"Jana. Ulikuwa mchafu, nikausafisha."

"Ukatoa hewa kwenye pampu?"

Akanyamaza. AG ni injini ya mipigo miwili, tunayoiita 2T: oili ina tangi lake, inapita kwenye mpira mpaka kwenye pampu, na pampu inaipeleka ndani ya injini iungue pamoja na petroli. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Ndiyo maana naandika, kwa sababu nimechoka kuwaambia mmoja mmoja, na kwa sababu nawapenda ninyi mnaoziokoa hizi pikipiki za zamani zisiuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Nawapenda, ila mnaziua wenyewe, na mnaziua kwa njia zilezile tulizoziulia sisi.

1. Upepo ndiyo rejeta yako.

Hizi injini hazina maji wala feni. Zinapozwa na hewa inayopita kwenye mapezi, na oili inayopita ndani. Basi. Ukiziba kimoja, kingine hakiwezi kubeba mzigo wote. Kwa hiyo tope la masika likikauka kati ya mapezi, litoe kwa kijiti na brashi, usingoje mwezi uishe. Rangi, kama ni lazima, iwe tabaka moja jembamba la rangi inayostahimili moto. Dumu, begi, turubai la kukinga miguu na mvua: visikae mbele ya silinda. Ukikwama kwenye foleni, zima. Kuna vijana wanaiwasha asubuhi, wanaiacha inanguruma kwenye stendi huku wanakunywa chai na chapati mbili, eti inapasha. Iko pale haina hata punje ya upepo. Dakika moja inatosha, kisha ondoka taratibu, ipashe njiani.

Na tafadhali, msioshe injini ya moto kwa maji baridi. Hili nitalirudia hapa chini, kwa sababu nililifanya siku mbaya kuliko zote.

2. Hakikisha oili inafika. Usikadirie.

AG yangu ya kwanza niliinunua Ruaha Mbuyuni mwaka 1998, kwa bwana shamba aliyekuwa anastaafu. Mnaoijua AG mnajua ilivyofikiriwa kwa ajili ya mtu wa shamba: stendi pande zote mbili ili uiegeshe popote, cheni imefunikwa yote tope lisiingie, keria mbele na nyuma. Yule mzee alikuwa ameitunza. Kasoro niliyoiona ni moja tu, tope jeusi lililotulia ndani ya tangi la oili. Nikataka niondoke nayo ikiwa safi. Palepale uani kwake nikachomoa mpira, nikaliosha tangi kwa petroli, nikalianika, nikarudisha mpira, nikajaza oili mpya ya 2T mpaka juu.

Bwana shamba alikuwa amekaa kwenye kigoda ananitazama. Akasema, "Mwanangu, leo changanya oili kwenye petroli, mpaka uone pampu imeshika." Nikaitikia ndiyo mzee. Sikuchanganya. Nilijua kwamba Yamaha walileta Autolube mwaka 1964, pampu yenyewe ipeleke oili, mtu asihangaike tena kuchanganya, nikauona ushauri wake ni wa watu wa kale. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Nikapiga kiki, ikawaka mara ya pili. Ekzosi ikatoa moshi wa buluu. Moyoni nikasema, si hiyo hapo, oili inafika. Naomba msimame hapa, kwa sababu hapa ndipo wote watatu wa mwaka huu waliponaswa. Ule moshi ulikuwa wa oili ya zamani, iliyolala kwenye krenki na ndani ya ekzosi. Pampu ilikuwa imeshika hewa. Ukichomoa mpira, hewa inaingia, na pampu ile ndogo ikikutana na hewa inazunguka kama kawaida bila kutoa hata tone. Tangi linaonyesha limejaa, moshi unaonekana, injini inaitika vizuri. Kila unachoweza kukitazama kinakwambia mambo sawa.

Nyuma nilimpakia mdogo wangu, na kwenye keria nusu gunia la vitunguu, maana huwezi kutoka Ruaha Mbuyuni mikono mitupu. Barabara ile mwanzoni haikuchoshi. Tulipita mibuyu, tulipita Mahenge, tukaongea, tukacheka. Ile oili ya zamani ilikuwa inaisha kidogo kidogo na sisi hatujui.

Kisha Kitonga. Mnaoujua ule mlima hamhitaji maelezo. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde, na malori ya Tunduma yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nikaweka gia ya pili, nikafungua mafuta yote.

Ishara zilikuja tatu, na zote nilizisikia. Kwanza nguvu ilipungua kidogo, kama mtu amekushika shati kwa nyuma. Nikaongeza mafuta. Pili, sauti ikawa kavu, kama misumari inatikiswa ndani ya kopo la maziwa. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, unasikia?" Nikamwambia ni mlima huo. Tatu, harufu ya chuma cha moto. Nikazidi kufungua mafuta, nikitaka tu nifike kona ya juu kabla ya lori lililokuwa nyuma yetu.

Pistoni ikakaza. Tairi la nyuma likasimama papo hapo, likateleza upande, tukaanguka kulia. Kama vidole vyangu vingekuwa kwenye klachi, ningeibana, tairi lingezunguka na tungesimama salama. Vidole vyote vilikuwa vimeshika mpini. Nilichubuka goti. Mdogo wangu alianguka kwa bega, na mtulinga ukavunjika. Dereva wa lori aliwahi breki, utingo akaruka na mawe kuweka kwenye matairi. Vitunguu vilibingirika mteremko mzima.

Sasa sikilizeni nilichofanya baada ya hapo, maana nakionea aibu kuliko kuanguka kwenyewe. Mdogo wangu amekaa kando ameshika mkono wake, na mimi nikaichukua chupa yetu ya maji ya kunywa nikaimwaga kwenye silinda. Ikalia chwaa, mvuke ukapanda. Nikaanza kupiga kiki kwa nguvu. Mara ya nne ikaachia, nikafurahi, nikaendelea. Kilichokuwa kinatokea ndani ni kwamba ringi ilikuwa imevunjika, na kila kiki ilikuwa inakwangua ukuta wa silinda kwa kile kipande. Ningeiacha ipoe yenyewe, labda ningebaki na silinda ya kusafishwa tu. Utingo ndiye aliyenishika mkono akaniambia, "Bwana mkubwa, mtu wako anaumia." Walitupakia wote watatu, mimi, mdogo wangu na pikipiki, mpaka Iringa.

Fundi mzee aliyeifungua hakusema mengi. Alinishika kidole akakipitisha ndani ya silinda. Mabaka ya pistoni yalikuwa yamegandia ukutani. Akanieleza kwamba pistoni ni alumini, silinda ni chuma, na alumini ikipata joto inavimba kuliko chuma. Kinachowatenganisha ni utando wa oili tu. Ikabidi silinda itanuliwe, tuweke pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kuliko ya awali, ya milimita 0.50, kwa sababu ya 0.25 isingeondoa mifereji ile. Kwa hiyo siku ile moja nilikula ukubwa wote ambao ungeitosha ile silinda miaka mingi. Mama hakunigombeza. Alimfunga mdogo wangu kanga begani, akanitazama, akaingia ndani. Msimu ule wa kilimo nililima shamba langu na la mdogo wangu. Mpaka leo mdogo wangu habebi gunia kwa bega la kulia.

Basi, namna ya kutoa hewa ni kazi ya dakika kumi. Kwenye pampu kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa, yenye washa yake. Ifungue, tangi likiwa na oili, uache oili ichuruzike mpaka usione povu hata moja. Ifunge. Washa injini, iache ya taratibu, halafu vuta waya wa pampu mpaka mwisho kwa muda ili hewa iliyobaki kwenye mpira wa kuelekea kwenye injini isukumwe nje. Na tangi la kwanza la petroli changanya, mililita 50 za oili kwa kila lita. Itatoa moshi mwingi, majirani watalalamika, acha walalamike. Fanya hivyo kila ukichomoa mpira, na kila ukiacha oili ikauka kwenye tangi.

Ukishuka mlima mrefu na 2T, usifunge mafuta moja kwa moja, maana pampu inafuata mkono wako: fungua kidogo kila mara ipate oili.

Vidole viwili kwenye klachi, kila ukisikia sauti imebadilika.

3. Plagi ni barua kutoka ndani.

Ifungue uisome. Rangi ya maji ya kunde ni nzuri. Nyeusi ya masizi, petroli imezidi au chujio la hewa limeziba. Nyeupe kama chaki, hapo injini inaungua, simama. Na msiokote plagi yoyote kwa kuwa nyuzi zimeingia. Kwenye NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, ikishuka ni ya moto zaidi. Kijana mmoja aliweka ya moto kwa sababu ilimwondolea masizi, na kweli masizi yaliondoka, na baada ya wiki mbili pistoni ikatoboka juu.

Hapo hapo niseme juu ya wanaotoa chujio la hewa ili ilie vizuri. Hewa ikizidi, petroli inakuwa haba, joto linapanda, na vumbi la barabara zetu linaingia kusaga ringi. Mnanunua mlio kwa bei ya silinda. Vivyo hivyo anayepunguza jeti, ile tundu ya petroli kwenye kabureta, kwa sababu yuko Njombe na hewa ya kule ni nyepesi: sawa, lakini ukishuka Dar es Salaam rudisha jeti yako kabla hujaondoka, kule hewa ni nzito.

4. Wenye Honda CG125, msijione mmepona.

Najua ninyi wa mipigo minne mnatucheka sisi wa 2T. CG ilitoka mwaka 1976, na Honda waliirudisha kwenye fito za kusukuma valvu kwa makusudi, baada ya kuona injini zenye kamshafti, shafti inayofungua valvu, juu kichwani zikiharibiwa na watu wasiobadilisha oili kwa wakati. Ndiyo maana imezaa ukoo mkubwa: injini nyingi za bodaboda za Kichina ni wajukuu zake. Tazama namba iliyogongwa chini kwenye injini, ukaone 156FMI. Ile 56 ni kipenyo cha silinda, kama cha CG yenyewe, milimita 56.5, na F inasema injini inapozwa kwa hewa.

Lakini kuvumilia si kutokufa. Inabeba oili isiyozidi lita moja hivi, na hiyo ndiyo inayolainisha, inayopoza, inayoogesha klachi. Robo ikipungua umepoteza robo ya kila kitu. Tapeti, ile nafasi ya kuchezea ya valvu, weka milimita 0.08, injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla hujaiwasha. Ziwe na kimlio chepesi. Tapeti isiyolia kabisa inanitia wasiwasi kuliko inayolia, maana valvu isiyofunga sawasawa inaungua. Na oili iwe ya pikipiki, ile ya magari mapya itakutelezesha klachi.

5. Mengine kwa haraka.

Skrubu za Kijapani zinaliwa na bisibisi ya nyota ya kawaida. Tafuta inayokaa sawasawa, na ya kugonga kwa nyundo kwa zilizokaza. Plagi anza kuifunga kwa vidole, nyuzi za alumini hazisamehi. Nyingi za zamani ni volti 6, kwa hiyo balbu na chaja ziwe za volti 6. Kabla ya kutoa hela, linganisha namba ya chesisi na kadi, hasa zile zilizotoka kwenye minada.

Yule kijana wa Ipogolo tumemfungulia silinda. Ana bahati kuliko mimi, hakupiga kiki wala hakumwaga maji, aliisukuma tu. Ringi nzima, michubuko miwili myepesi, itasafishika. Nimempa kijiti na petroli akwangue ile rangi kwenye mapezi, pezi moja moja, na amefika nusu. Jumamosi hii anarudi na lita moja ya 2T. Skrubu ya pampu ataifungua yeye kwa mkono wake, na mdogo wangu amesema atakuja kukaa pale kutazama povu.