Maswali ya Kodi: Pampu ya Joto, Madirisha na Ile Asilimia 30

Wasomaji walioko Marekani wametuuliza kuhusu nafuu ya kodi ya asilimia 30 ya gharama, kwa waliokarabati nyumba ili zitumie umeme na gesi kidogo. Kwanza tujue kwamba sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeifuta nafuu hiyo kwa chochote kilichofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Majibu haya ni ya waliowahi, na mmoja aliyechelewa.

Nililipia pampu ya joto (mashine ya kupasha na kupoza nyumba) Novemba 2025, fundi akaja kuifunga Januari 2026. Risiti ni ya 2025. Nidai?

Hapana. Kinachoangaliwa ni siku kifaa kilipofungwa kikawa tayari kutumika, si siku uliyotoa pesa. Hata nafuu ya sola (umeme wa jua) iko hivyo hivyo: kama kazi haikukamilika ndani ya 2025, hakuna kitu. Wala usimwombe fundi akuandikie tarehe nyingine, maana kibali na ukaguzi wa jengo vina tarehe zake. Afadhali uulizie ruzuku za jimbo lako na za kampuni ya umeme. Hizo hazikufutwa na sheria hii.

Mwaka 2025 nilifunga pampu ya joto kwa dola 9,000 pamoja na ufundi, kampuni ya umeme ikanirudishia 1,000. Nikabadilisha na madirisha manne: dola 2,400, na fundi 900. Napata ngapi?

Anza na pampu. Ruzuku ya kampuni ya umeme inapunguzwa kwanza kwenye gharama, zinabaki 8,000. Asilimia 30 yake ni 2,400, ila ukomo wa pampu ni 2,000 kwa mwaka. Ufundi hapa unahesabiwa.

Kwenye madirisha, ufundi hauhesabiwi, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Zile 900 ziache. Asilimia 30 ya 2,400 ni 720, na ukomo wa madirisha yote kwa pamoja ni 600. Jumla yako ni dola 2,600, mradi madirisha yawe kwenye orodha ya Energy Star Most Efficient, ile ya juu kabisa ya alama ya Energy Star (alama ya serikali ya bidhaa zinazobana nishati). Lebo ya kawaida ya Energy Star haitoshi. Kama ankara imechanganya bidhaa na ufundi kwenye tarakimu moja, mrudie fundi akutenganishie.

Madirisha yanaingia kwenye fungu la dola 1,200 kwa mwaka, pamoja na milango ya nje (250 kwa mlango, 500 kwa yote), insulesheni (vizuizi vya joto na baridi vya ukutani na darini) na ukaguzi wa nishati wa nyumba (150). Pampu ina fungu lake la pembeni.

Nimehesabu 2,600 lakini programu ya kodi inanipa 1,850. Na mimi kila mwaka narudishiwa pesa!

Programu haijakosea. Nafuu hii inafuta kodi unayodaiwa, haigeuki kuwa pesa mkononi. Angalia mstari wa 18 wa Fomu 1040 (ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka): ni kodi kabla ya nafuu. Kama pale pana 1,850, huwezi kuvuka hapo, na zile 750 zinapotea. Hazihamii mwaka unaofuata. (Za sola huhamia. Ni sheria nyingine, ndiyo maana majirani wawili wanaweza kubishana na wote wakawa sahihi.) Pesa unazorudishiwa ni zile mwajiri alizokata kupita kiasi, hazina uhusiano na ukomo huu.

Fomu 5695, ya kudai nafuu hii, inadai msimbo wa mtengenezaji. Nimeandika namba ya modeli, inakataa.

Unatakiwa msimbo wa herufi na tarakimu 4 ambao mtengenezaji amesajiliwa nao na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani). Si modeli, si namba iliyogongwa kwenye kibati cha mashine. Tafuta kwenye karatasi zilizokuja na kifaa, au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Sharti hili limeanza na vifaa vilivyofungwa 2025. Insulesheni haihitaji msimbo.

Mimi ni mpangaji. Nimo?

Kwa pampu ya joto au hita ya maji uliyoilipia mwenyewe kwenye nyumba unayoishi, umo. Kwa madirisha, milango na insulesheni, lazima nyumba iwe yako na ndiyo makazi yako makuu. Mwenye nyumba anayepangisha tu na haishi humo hapati nafuu hii.

Niliweka insulesheni darini mwaka 2024 na sikudai.

Bado una muda. Jaza Fomu 1040-X (ya kurekebisha ritani) ya mwaka 2024 na uambatanishe Fomu 5695 ya mwaka huo huo, si ya 2025. Ukomo ni miaka 3 tangu ulipowasilisha ritani. Kama uliwahisha, hesabu kuanzia tarehe 15 Aprili 2025. Dai gharama ya bidhaa peke yake, na risiti zitunze nyumbani: hazitumwi, ila zitaulizwa ukikaguliwa.