Hofu ya filamu iliyopita

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uhariri, swali mnaloniuliza kuliko yote ni hili: "Kaka, filamu ikishaharibika, kwenye meza ya uhariri tunaiokoaje?" Nimekalia kiti hiki mwaka wa kumi na nne sasa, nakata tamthilia na filamu za hapa Dar es Salaam, na siku hizi nawajibu kwa kuwasimulia habari za mbali: studio ya Warner Bros. ya Marekani na mashujaa wake wa DC, wale wa vitabu vya katuni kama Superman na Batman. Wale walikuwa na fedha na vifaa ambavyo sisi hatujawahi kuviona, na bado walihangaika miaka kumi. Filamu zao nimezitazama nikiwa na daftari mkononi, maana makosa yao nayaona kila mwezi hapa kwetu.

Mwaka 2013 ilitoka Man of Steel ya Zack Snyder, Henry Cavill akiwa Superman, ikaingiza karibu dola milioni 670. Lakini washindani wao, Marvel, walikuwa wameshawatambulisha mashujaa wao mmoja mmoja tangu 2008 hadi wakakutana kwenye The Avengers mwaka 2012, na Warner wakataka kufika huko kwa njia ya mkato. Batman v Superman, ya Machi 2016, ikabebeshwa kila kitu: Batman mpya, Wonder Woman, kifo cha Superman, na mashujaa wengine watatu ambao hadithi haikuwa na nafasi yao. Basi kuna mahali filamu inasimama, Wonder Woman anafungua barua pepe na kutazama klipu za hao watatu, moja baada ya nyingine. Itafuteni sini hiyo. Ni tangazo la filamu zijazo, limebandikwa katikati ya filamu ambayo mtu ameshalipia tiketi. Wikiendi ya kwanza ilipata dola milioni 166 Marekani na Kanada. Wikiendi ya pili mapato yakaporomoka kwa karibu asilimia 70. Watu walikuwa wameshaambizana.

Jumla yake ilivuka milioni 870, na hizo si fedha za kulilia. Ila wakosoaji walisema ni nzito, ina giza, haina hata kicheko, na studio ikaingiwa na hofu. Hapo nataka mtulie, kwa sababu kuanzia siku ile aliyeshika kipanya cha mhariri alikuwa hofu.

David Ayer alikuwa ameshamaliza kushuti Suicide Squad, hadithi ya wahalifu, nayo ya giza. Trela yake, yaani video fupi ya kuitangaza, iliyowekewa wimbo wa bendi ya Queen, ilikuwa imependwa mno. Studio ikaiita kampuni iliyotengeneza trela ije ikate filamu yenyewe, yakawa matoleo mawili yanayoonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, kisha yakachanganywa. Ilitoka Agosti 2016 na kuingiza zaidi ya dola milioni 740, lakini Ayer amesema hadharani kwamba ile si filamu yake. Ukiitazama kwa jicho la kazi unauona mshono. Mwanzoni ni wimbo juu ya wimbo, na wahalifu wawili, Deadshot na Harley Quinn, wanatambulishwa mara mbili, kwanza gerezani, halafu tena kwenye mafaili ya mama anayewakusanya. Trela inafanya kazi kwa dakika mbili na nusu, kabla mtu hajauliza huyu anataka nini. Filamu ndefu haiwezi kulikwepa swali hilo.

Mwaka uliofuata ukawa mbaya zaidi. Mei 2017 ilitangazwa kwamba Snyder anaiacha Justice League, filamu ya kuwakutanisha mashujaa wote, kwa sababu ya msiba wa binti yake. Kazi akakabidhiwa Joss Whedon, sini mpya zikaandikwa na kushutiwa, na filamu ikabanwa mpaka ikawa ya saa mbili. Wakati huo Cavill alikuwa amefuga masharubu kwa ajili ya filamu ya Mission: Impossible, na studio yenye filamu hiyo haikumruhusu kuyanyoa. Ikabidi yafutwe kwa kompyuta. Filamu inafunguka kwa video ya simu, watoto wanamhoji Superman, na mdomo wake wa juu haukai sawa: anatabasamu, ngozi haifuati.

Nilipouona mdomo ule niliumia, kwa sababu yalishanikuta. Kuna tamthilia niliwahi kuikata ambayo mtayarishaji wake, baada ya kusoma maoni ya watu juu ya kazi yake iliyotangulia, aliagiza tushuti upya sini sita ili ichangamke. Miezi miwili ilikuwa imepita. Dada aliyeigiza mhusika mkuu akaja amesuka twende kilioni, wakati kwenye klipu za awali alikuwa na nywele fupi za asili. Tukamfunga kilemba cha kitenge. Klipu zilipopangwa kwenye kompyuta akawa anaingia mlangoni bila kilemba, anakaa kitini na kilemba, anasimama bila kilemba. Siku tatu usiku na mchana nilikuwa naficha kichwa chake kwa klipu za mikono na za sufuria jikoni. Kichwa nilikificha. Uchangamfu walioutaka haukupatikana, kwa sababu mwanamke yule kwenye hadithi alikuwa ametoka kumzika mumewe, na mtazamaji alilijua hilo.

Justice League iligharimu kiasi cha dola milioni 300 na kuingiza karibu milioni 657. Machi 2021, baada ya mashabiki kudai kwa miaka, toleo la Snyder la saa nne likatolewa HBO Max, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, likiwa limeongezewa takriban milioni 70. Hili ndilo darasa bora la uhariri ninalolijua, na kila anayekuja kwangu namtaka atazame yote mawili akimfuata mhusika mmoja tu, shujaa Cyborg, aliyeigizwa na Ray Fisher. Toleo la 2017 linambakiza kijana mwenye hasira anayejua kompyuta. Toleo la 2021 linaturudishia mama yake, mpira wake wa Kimarekani wa chuoni, na baba yake anayekufa mbele ya macho yake, na ghafla filamu nzima imepata moyo. Sehemu kubwa ya picha hizo ilishutiwa siku zilezile. Aliyekata mara ya kwanza alikuwa akihesabu dakika, na ukihesabu dakika, wa kwanza kuondoka ni yule anayehuzunika taratibu. Kabla hujagusa klipu hata moja, andika jina la mtu anayebeba moyo wa hadithi. Huyo ndiye wa mwisho kupunguzwa.

Katikati ya vurugu hizo kulikuwa na zilizonyooka. Wonder Woman ya Patty Jenkins, 2017, iliingiza zaidi ya milioni 820. Jenkins amesimulia kwamba wenzake hawakuelewa kwa nini aitake sini ile ya Diana, yaani Wonder Woman kabla hajawa shujaa kamili, kupanda kutoka handakini na kuvuka uwanja wa risasi peke yake, kwani hapo hakuna adui wa kupambana naye. Yeye alijua: hapo ndipo Diana anakuwa Wonder Woman. Aquaman ya James Wan mwaka 2018 ilivuka bilioni moja. Kwa maoni yangu, hizi zilipona kwa sababu mtu mmoja alijua anasimulia nini na akaachwa asimulie.

Sasa la kuumiza. Batgirl, filamu nyingine ya DC, iliyoongozwa na Adil El Arbi na Bilall Fallah, ilikuwa imeshashutiwa na ipo mezani kwa wahariri, imeshagharimu kama dola milioni 90. Agosti 2022 kampuni, iliyokuwa imeungana na Discovery miezi michache kabla, ikaamua haitatoka kabisa, kwa hesabu za kodi. El Arbi alikuwa Morocco kwenye harusi yake. Wamesimulia kwamba waliingia kwenye seva angalau wairekodi kwa simu, wakakuta kila kitu kimeondolewa. Fikirieni wahariri wa kazi ile, na miezi yao. Kwa hiyo malipo yenu yaandikwe kwa awamu, awamu ya kwanza ipokelewe kabla ya kuanza, isisubiri siku ya kutoka filamu. Hilo sitalirefusha, lishikeni tu.

Novemba 2022 mwongozaji James Gunn na mtayarishaji Peter Safran wakapewa kuongoza DC Studios, kitengo cha filamu za DC. Walikuta filamu nne zimeshashutiwa, zote zikatoka 2023, na watazamaji walishajua kwamba ulimwengu ule unafungwa. Mojawapo, The Flash, iliishia kama milioni 270. Gunn hakujaribu kuunga viraka. Aliweka sharti kwamba hakuna kamera kuwashwa kabla skripti haijakamilika, na amesema wazi kuna mradi uliofutwa kwa sababu skripti haikuiva. Superman yake ya Julai 2025, na David Corenswet, iliingiza zaidi ya milioni 610. Kwa tarakimu tupu ni pungufu ya Man of Steel. Lakini niliitazama mpaka mwisho bila kuona mahali inapomwomba mtu radhi kwa ajili ya filamu iliyopita, na kwa studio ile hicho ni kitu kikubwa.

Mwaka jana mtayarishaji mmoja aliniletea karatasi ya marekebisho ishirini na moja. Namba nne ilisema: ondoa mzee na sanduku. Ni sini ya sekunde arobaini, mzee anarudisha daftari za shule za mwanawe sandukuni, moja moja, bila neno. Nikamuuliza, "Dada, hili limetoka kwenye filamu hii au kwenye maneno ya watu juu ya ile ya mwaka juzi?" Hakujibu. Nikairudisha sini mwanzo, tukaitazama wote wawili, sauti imewashwa, mpaka kifuniko cha sanduku kikafungwa. Akachukua kalamu, akafuta namba nne. Kisha saba. Kisha tisa.