Mwacheni Nyanya Aseme "Ndia"

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: simu na kompyuta darasani zinamkaribisha mtoto kwenye utamaduni wake, au zinamtoa? Nilipolisoma nilicheka kidogo. Shuleni kwetu mtu angeanza kwa kuuliza hizo simu na kompyuta ziko wapi. Vile vishikwambi vilivyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 2016, vyetu vililala kabatini mpaka betri zikafura. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu. Kwa hiyo yote ninayosimulia hapa yalifanywa kwa simu yangu iliyopasuka kioo, pamoja na tatu za wazazi tulizoazima siku za Jumamosi.

Nafundisha Kiswahili Gredi ya 8, upande wa Likoni, Mombasa, na kwa uhaba wa walimu nimeangukiwa na somo la sanaa pia. Jibu langu ni kwamba zinamkaribisha, ila si kwa namna niliyodhani. Nilianza vibaya.

Kazi ya kwanza niliiandika ubaoni hivi: "Tengenezeni video ya dakika mbili kuhusu utamaduni wenu." Wiki iliyofuata kundi moja likaleta harusi ya Kidigo. Sauti ilisikika vizuri, maneno yalikuwa matamu, halafu ikatokea picha ya tatu: wamorani wa Kimaasai na shuka zao nyekundu, wamerukia hewani. Nikauliza ni nani mle darasani aliyewahi kuona moran akiruka kwenye harusi ya Likoni. Darasa zima likaangua kicheko. Msichana aliyetafuta picha akajitetea: "Mwalimu, tuliandika harusi, utamaduni, Kenya. Simu ikaleta hii."

Alikuwa na haki yake. Mimi ndiye niliyewatuma na neno kubwa, nao wakaenda kulitafuta yanakokaa maneno makubwa. Na si simu iliyoleta ugonjwa huo. Siku yetu ya utamaduni kila mwaka ni vivyo hivyo: watoto wanaazima shanga na marinda ya mkonge, wanapigwa picha na wageni, saa saba mchana kila kitu kimerudi kwenye gunia. Mtoto anaondoka akijua kwamba utamaduni ni nguo unayovaa kwa saa tatu ukiambiwa.

Mara ya pili sikulitaja hilo neno kabisa. Niliwaambia hivi: chagueni kitu kimoja kilichoko nyumbani, kisicho na thamani dukani, ambacho mtu mzima wa pale hatakubali kitupwe. Muulizeni kilifikaje. Mrekodini akisema. Kisha mwandike maneno kama mia mbili, myasome kwa sauti yenu, mtafute picha kumi. Picha zote ziwe za mkono wenu: ama mmepiga wenyewe, ama mmechora. Kutoka mtandaoni, hata moja hapana.

Mtindo huu wa filamu fupi inayosimuliwa na mwenye kisa kwa sauti yake mwenyewe sikuubuni mimi. Ulianzia California mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa watu kama Dana Atchley na Joe Lambert, waliokuwa wakiwafundisha watu wa kawaida kuunganisha picha za nyumbani na sauti kwenye kompyuta. Kilichonivutia ni kwamba unaanzia kwa mtu kumsimulia mwenzake. Sisi hilo tunalo tangu zamani, tulikosa kinasa sauti tu.

Darasa lina watoto 64. Makundi yalikuwa 11, yaliyomaliza ni saba. Nitawaeleza mawili.

Msichana mmoja alileta leso ya nyanyake. (Kwa wasomaji wa Tanzania: leso yetu ndiyo kanga yenu. Na neno lenyewe tulilichukua kwa Wareno, ambao kwao lilikuwa kitambaa cha mkononi.) Ilikuwa imefifia, upande mmoja pindo limechanika, lakini jina lake lilisomeka: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Tuliitandaza juu ya madawati manne, watoto wakaizunguka. Sijawahi kuona darasa likikitazama kitu namna ile, na wote hao wamezaliwa wakizungukwa na leso. Wamefungwa nazo mgongoni, wamefunikwa nazo, wamefutwa nazo kamasi, lakini kuisoma hawajawahi. Mmoja akaona kwenye ukingo maandishi madogo, "K.H.E. Mali ya Abdulla", akamuuliza mwenye leso kama Abdulla ni babu yake. Hapo ikabidi nieleze habari za Kaderdina Hajee Essak, duka la Mombasa lililoanza 1887, na kwamba mali ya Abdulla imefunika mabega ya nusu ya mwambao. Nikawaambia pia kuwa leso za zamani majina yake yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwamba zimewahi kupigwa chapa India, Ulaya, hata Japani, huku maneno yakitoka hapa hapa kwetu.

Jumamosi hiyo msichana akaenda kumrekodi nyanyake. Jumatatu tukasikiliza. Sauti ya bibi ikasema: "Nikajitanda kitwani, nikapita ndiani mbele ya nyumba yake, nami mato mbele." Nyuma ya darasa kijana mmoja akarudia, "Ndiani!" Wenzake wakacheka. Yule msichana akainama. Kipindi kilipokwisha akanifuata akaniuliza kama amwombe nyanyake arudie aseme "njiani", na "kichwani", na "macho".

Mimi ndiye ninayeshika kalamu nyekundu katika darasa lile. Nimezisahihisha "ndia" na "mtele" (yaani mchele) na "kitwa" kwa miaka, tena katika mji ambao hayo ndiyo maneno yake. Mwaka 1928, wakubwa wa elimu wa makoloni walipokutana kuamua ni Kiswahili kipi kifundishwe shuleni, walichagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar. Na walikutana wapi? Mombasa. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe, kilikaa mlangoni pa nyumba yake kikisikiliza. Sisemi waliamua vibaya. Bila uamuzi huo huenda gazeti hili lisingesomeka kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Lakini bibi yule hakukosea. Anajua analosema, na "mato mbele" yake ina mwendo ambao "macho mbele" haiufikii.

Nikamwambia msichana asimrudishe nyanyake kwenye rekodi. Sauti ibaki "ndiani", na maandishi ya chini ya picha yaseme "njiani". Hapo ndipo nilipoelewa simu inaleta nini ambacho daftari halikuwa nacho. Kwenye daftari neno moja lazima lilishinde jingine. Kwenye video yakakaa yote mawili, moja sikioni, moja machoni, na wala hayakugombana. Kwenye insha, ninakiri, bado nalipigia mstari, maana mtihani ni mtihani, na kila nikilipiga mkono hautulii.

Kuna jambo la pili katika kisa hicho. Leso ile ilinunuliwa kwa ajili ya mtu fulani. Bibi aliivaa siku nne mfululizo, akipita hapo hapo, mpaka ujumbe ukafika. Huyo mtu ni nani, alimweleza mjukuu wake kinagaubaga, dakika kumi na moja nzima, kisha mwishoni akasema: "Hayo ya mwisho usiyapeleke skuli." Mjukuu tayari alikuwa ameyaleta, kwa sababu hakujua kukata sauti. Tukayafuta mimi na yeye mchana ule, yeye ndiye aliyebonyeza. Nami siwaandikii hapa. Tangu siku hiyo ikawa sheria: kabla darasa halijaona chochote, aliyerekodiwa akisikie kwanza, na akisema hapana, basi. Nashangaa mafunzo ya vifaa vya kidijitali tunayopewa walimu yanaeleza sana namna ya kuwasha na kuunganisha, na hili la nani mwenye kisa halitajwi.

Kijana wa kundi jingine alikuja kuniambia hawezi kufanya kazi hii. "Sisi si watu wa leso, mwalimu. Sisi ni watu wa bara." Nikamuuliza kitu gani kwao hakitupwi. Akafikiri, akasema: twiga.

Babake ni mchongaji, mmoja wa Wakamba wanaofanya kazi na chama cha ushirika cha wachongaji kule Changamwe. Twiga mwenyewe alikuwa na shubiri mbili, mguu mmoja umevunjika, alichongwa na babu. Watalii wamemtaka na babake amekataa. Katika rekodi babake anasema kwa Kikamba, na kijana akamtafsiria chini ya picha, kwamba kazi hii hawakuzaliwa nayo. Alisikia kwa babake kwamba aliileta mtu wa Wamunyu aliyekwenda vitani. Nikatafuta, na kweli habari hiyo imeandikwa: Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alijifunza kuchonga vinyago kule Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ujuzi huo Ukambani, na kutoka hapo ukaenea hadi Nairobi na Mombasa. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo hii si ya Wakamba?" Kabla sijajibu, yule msichana wa leso akamjibu: "Na leso ni ya Wareno?"

Sikuongeza neno.

Tatizo lake lilikuwa picha. Hajafika Wamunyu hata siku moja, na mtandaoni nimekataza. Ikabidi achore. Akachukua mkaa, akachora nyumba, njia, babu amekaa chini ya mti, na minazi mitano nyuma yake. Babake alipoona akacheka mpaka akashika ubavu: Wamunyu kuna minazi wapi? Kijana akafuta minazi minne. Nilipomuuliza kwa nini mmoja ameuacha, akasema, "Huo ni wangu."

Ndiyo sababu siwezi kukubali wanaosema sanaa ni pambo la kujazia video. Simu inakuletea kilichopo. Mahali mtoto hana picha, hana kumbukumbu, hana ila alilosikia, ni mkono wake tu unaoweza kuchora, na ukichora unamwaga siri ambayo yeye mwenyewe hakujua anayo. Walimu wa Dar es Salaam wana Tingatinga palepale: Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akachora wanyama jijini kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini za dari. Mtoto akiulizwa tu kwa nini rangi za baiskeli, kipindi kimekwisha.

Kurekodi kulikuwa kisa kingine. Darasa letu ni la mabati, na barabara ya kwenda ferini haijui kunyamaza. Sauti zilirudi kama za mtu aliye kisimani. Tukajaribu stoo ya unga wa uji, joto likatutoa. Mwisho msichana mmoja akajifunika leso gubigubi, yeye na simu ndani, akasoma. Mwangwi ukakatika. Toka hapo kila msomaji alisomea ndani ya leso, hata wale watu wa bara.

Na kwa kuwa leso zilikuwa zimeshaingia, tukachora za kwetu. Nilidhani itakuwa kazi rahisi, kumbe wengi waliweka jina juu kabisa kama kichwa cha habari, na pindo wakalichora pande mbili. Ikabidi turudi kwenye leso halisi kuhesabu: pindo pande zote nne, mji (ndiyo ile sehemu ya ndani ya pindo) katikati, jina chini ya mji. Majina waliyobuni yalinipa raha kuliko insha za muhula mzima. Mmoja aliandika FERI IMEJAA NISUBIRI NG'AMBO. Mwingine, ambaye hasemi darasani, NISOME KABLA HUJANICHEKA.

Makundi manne hayakumaliza, na si kwa uvivu. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi hata kuhamisha sauti kutoka simu moja kwenda nyingine, na mzazi mmoja alihitaji simu yake katikati ya kazi kwa sababu anafanya biashara kwa M-Pesa. Mtoto mmoja anayelelewa kwenye makao hakuwa na mtu mzima wa kumuuliza. Nilichelewa kulitambua hilo, na lilinifedhehesha. Safari ijayo swali halitasema "nyumbani".

Tulionyesha siku ya Ijumaa jioni, projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani. Wazee walikuja wachache. Nyanya mwenye leso alikaa mbele. Tulipomwamkia shikamoo aliitikia bila kutugeukia, macho yako kwenye shuka. Ilipofika "ndiani" hakuna aliyecheka, au labda waliogopa, maana mwenyewe alikuwa pale. Simu yake ni mulika mwizi, haifungui video zetu, kwa hiyo nikamtolea sauti peke yake, nikamwekea kwenye memori kadi.

Wiki jana amenitumia salamu kwa mjukuu wake. Anasema amesikiza vizuri na kuna pahali alikosea: ile leso hakuivaa siku nne, zilikuwa tano, ya tano ilikuwa Idi. Anataka turekodi tena.