Kifaru changu kimekuwa kama kabati

SWALI: Shikamoo fundi. Najenga kifaru cha T-34, kile cha vita cha Wasovieti, kwa matofali ya Lego, kipimo cha 1:35. Mbele nimepanga ngazi ngazi, kimekuwa kama kabati. Na mnyororo juu unalegea. Nikate pingili? — Baba wa wawili, Tanga

JIBU: Marahaba. Usikate! T-34 halisi haina vigurudumu vya kubeba mnyororo juu, kwa hiyo unalalia magurudumu yale matano makubwa. Kulegea huko ndiko kunakofanya kifaru kifanane na chenyewe. Ila hakikisha gurudumu lenye meno liko nyuma. Wengi hulibandika mbele.

Sasa hilo kabati. Bamba la mbele la T-34 limelala sana, kama nyuzi 30 tu kutoka usawa wa ardhi, na ngazi haziwezi kuleta sura hiyo. Tengeneza bamba peke yake kwa vipande bapa, lifunge chini kwa bawaba, juu liegemee tu ukingo wa paa. Mimi la kwanza nililibana pande zote mbili, likawa linaruka kila nikigusa mzinga.

Upana: kifaru halisi ni mita 3, kwako ni milimita 86 hivi. Kinundu kimoja, kile cha juu ya tofali, huchukua milimita 8, basi ni vinundu 11 kasoro. Chukua 11. Ukitaka kugeuza tofali ubavu, kumbuka bapa 5 zikipandana ni sawa na vinundu 2: milimita 16 kamili.

Matofali ya kijani yakiisha, changanya ya kijivu ndani, hakuna atakayeona.