Sokoni Skipton: majibu kwa maswali yenu

Nasoma Leeds. Nataka kuona soko la barabarani la zamani. Niende wapi?

Panda treni uende Skipton, mji mdogo wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kama dakika 45 tu. Soko hufanyika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Ukienda Jumanne umepoteza nauli. Mfalme John aliupa mji huo hati ya soko mwaka 1204, na mpaka leo meza hupangwa pande zote mbili za High Street, juu ya mawe yaliyotandazwa, mbele ya maduka. Hapo hapo zamani walikuwa wakiuza ng'ombe na kondoo. Usivunjike moyo ukikuta kava za simu zimepakana na jibini: wenyeji wanakuja kununua mahitaji yao, hawaigizi historia. Kama una nafasi katikati ya wiki, iache Jumamosi. Watu wanajaa mno.

Naruhusiwa kuomba punguzo?

Kuomba si kosa, ila bei iliyoandikwa kwa kawaida ndiyo bei. Ukianzia nusu, kama uko Kariakoo, utaangaliwa tu. Nunua vitu viwili vitatu kwa mtu mmoja, kisha uliza kwa upole. Au subiri alasiri: wenye matunda wakikaribia kufungasha, mara nyingi hushusha wenyewe.

Sisi Waislamu tutakula nini huko?

Hapa kuwa macho. Pai inayosifiwa sana eneo hilo ni ya nguruwe, na hata pai ya nyama nyingine yaweza kuwa na mafuta ya nguruwe kwenye unga wake. Chipsi nazo! Yorkshire wapo wengi wanaokaangia mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Kwa jibini, jaribu la Wensleydale, linalotengenezwa Hawes, mji wa milimani huko huko Yorkshire. Wenyeji hulila pamoja na kipande cha keki ya matunda, na kusema kweli vinapatana kuliko unavyodhani. Uliza tu kama kimeng'enya kilichogandishia maziwa kimetoka kwa mnyama. Nyama halali nunua Keighley au Bradford, miji yenye Waislamu wengi wenye asili ya Pakistani. Treni ya kurudi Leeds hupita Keighley.

Mbona bei nyingine ni za ratili?

Mazoea ya wazee. Ratili moja ni kama gramu 454. Sheria inadai kilo iandikwe pia, basi linganisha kwa kilo.

Watoto wakichoka na soko?

Pandeni hadi mwisho wa barabara, kwenye ngome. Ina zaidi ya miaka 900 na bado ina paa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza ilizingirwa miaka mitatu, ikasalimu amri Desemba 1645. Wakitaka kukaa chini, boti za mfereji wa Leeds na Liverpool ziko karibu. Wavalisheni makoti ya mvua hata kukiwa na jua asubuhi; mwavuli kwenye upepo ule ni mzigo tu.