Ukikodi Mustang Marekani, kagua rimu kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama kweli Hertz, kampuni ya kukodisha magari, waliwahi kukodisha magari ya mbio, na kama nawe ukodi Mustang, gari la michezo la Ford, ukifika Marekani. Ni kweli kabisa! Mwaka 1966 Carroll Shelby, dereva wa zamani wa mbio aliyegeuka mtengenezaji magari, aliwatengenezea Mustang ziitwazo Shelby GT350H zipatazo 1,000, injini ya V8 yenye nguvu za farasi 306, nyingi nyeusi zenye mistari ya dhahabu. Husimuliwa kwamba wapo waliozikodi Ijumaa, wakashindana nazo wikendi, wakazirudisha Jumatatu breki zimekwisha. Wewe usijaribu. Mikataba ya leo hukataza mashindano, na ukikiuka, bima inaweza kukuacha mikono mitupu. Kodi, ila uliza kikomo cha maili na dhamana, kisha lizunguke gari ukilirekodi video, hasa rimu na matairi.